Visigino vya Kaizari

Mpendwa Baba,

Sauti iliyobaki nami ni ya visigino vyako. Ko! Mtu akiita "Mista Kaizari", iwe benki au kiwandani ulikofanya kazi Plymouth, ulisimama wima, ukavigonganisha, ukacheka. Jikoni kwetu Champlin, huku Marekani, ulitufundisha mimi na Daudi. "Simameni! Nyie ni damu ya kifalme." Naye Mama, akikoroga uji: "Mfalme, takataka zinakungoja."

Nilikuamini. Nilipofika chuoni ndipo nikasoma kwamba Kaizari ndivyo Wajerumani walivyomwita mtawala wao mkuu, na kwamba jina hilo nao walilitoa Roma, kwa mtu aliyeitwa Kaisari, jina lile la kwenye Biblia yako. Jina la mtu likawa cheo. Nikakupigia simu mbio kukueleza. Ukasema, "Ya vitabuni yaache vitabuni." Nilidhani umechoka na kazi.

Mara ya mwisho, hospitalini, visigino havikulia. Muuguzi alisoma jina lako kwenye karatasi, nami nikaona miguu yako ikitafutana chini ya blanketi.

Wiki ya mazishi nilimpigia shangazi Tabitha kule Lindi, anipe habari za babu yako nizisome kanisani. Akaguna.

"Mfalme wa wapi, mwanangu? Alikuwa mpagazi wa Wajerumani kwenye vita yao. Bwana mmoja akambandika hilo Kaizari ili wenzake wacheke wakati wa kula. Wakiita, agonge visigino. Na viatu hana. Aligonga mpaka vikapasuka."

"Baba alijua?"

"Alikuwa akimwosha miguu yule mzee. Angeachaje kujua?"

"Na jina lake mwenyewe?"

"Hakuna aliyebaki wa kulikumbuka."

Nilikukasirikia, Baba. Bado nakukasirikia, siku nyingine. Kisha nakuona mtoto mdogo, umeinamia beseni, unapitisha kidole kwenye zile nyufa, na nashindwa kujua, ningekuwa wewe, ningewaambia nini watoto wangu.

Daudi alitaka kaburi liandikwe Kaiser, kwa tahajia ya Kijerumani, kama lilivyo kwenye vitambulisho vyetu vya huku. "Sista, usianze. Hilo jina kubwa. Mtu akipita ata-respect." Nikamsimulia aliyosema shangazi. Akatazama viatu vyake.

"Sasa tuandike Yusufu nani?"

 

Jiwe limewekwa Jumanne. Limeandikwa Yusufu, na baada yake pana nafasi tupu ya kutosha jina moja. Fundi aliniuliza mara mbili kama nimesahau. Nikamwambia aiache hivyo hivyo.

Huko uliko hakuna atakayekuita usimame. Nyoosha miguu, Baba.

Mimi, binti yako wa kwanza