Ubao Kati ya Neema na Salma

Alhamisi

Aliyepiga misumari ni fundi, lakini ubao ule niliuweka mimi.

Neema, binti wa mdogo wangu, na mwenzake Salma walikuwa wakiuza vitenge katika fremu moja ya duka Kariakoo. Ijumaa Salma akienda msikitini, Neema aliuza kwa niaba ya wote wawili. Jumapili Neema akiwa kanisani, Salma alifanya vivyo hivyo. Mwezi uliopita nikamfafanulia Neema, kwa utaratibu wangu wa ualimu, jinsi mfalme Yehoshafati wa kwenye Biblia alivyomfuata rafiki yake Ahabu vitani akaponea chupuchupu. Nikamwambia ajihadhari na marafiki, achague watu wa kwake. Akanitii, akaigawa fremu kwa ubao.

Leo nimepita pale. Salma ameniamkia kama kawaida.

"Shikamoo mzee. Wateja wanauliza kama tumegombania mume."

Nimecheka peke yangu. Neema alikuwa ameinama, anakunja kitenge.

Ahabu alikuwa mwovu, na Yehoshafati alilijua hilo. Salma nilimjulia ubaya gani? Sikuuliza hata. Na Ruthu, mgeni wa Moabu aliyekataa kumwacha Naomi, mkwewe Mwisraeli, nimefundisha habari zake miaka mingi, ila siku ile nilimruka. Sababu yake naona aibu kuiandika.

Nimemwomba Neema autoe ubao.

"Baba mkubwa, kuutoa ni kazi ndogo. Salma nitamwambia nini?"

Nimemjibu kwamba nitamwambia mimi, kesho, kabla hajaenda kusali. Sijui nitaanzia wapi.