Mbuzi wa Chuma

Jumapili, Lodwar. Upepo na mchanga tangu asubuhi. Sina furaha wala huzuni, nimechoka tu.

Bahati alitaka kuacha kazi yetu. Bila yeye mchezo haupo: mimi natunga hadithi hapa Lodwar, yeye anachora na kuandika programu kambini Kakuma. Ni mchezo wa kompyuta, wa watu wanaokimbia sayari iliyokauka. Kabla chombo chao hakijaruka, wanampasua mbuzi wa chuma na kusoma nyaya za tumboni mwake, kama wazee wetu wanavyosoma utumbo kabla ya kuhamisha mifugo. Bahati alizichora nyaya hizo kwa kuangalia picha ya utumbo wa kweli niliyomtumia. Halafu kioo kinaandika: NJIA NI SALAMA.

Nilijisifu kwamba nimeweka fumbo zito. Fumbo gani linalojijibu lenyewe?

Ijumaa akanitumia sauti: "Mama anasema hii ni bulozi. Niitoshe, ao niache hii kazi."

Bulozi ni uchawi, na kuitosha kwao ni kuitoa. Mama yake anaongoza kwaya, simlaumu. Nilimjibu kwamba ni ishara tu, haina nguvu yoyote. Jibu lenyewe halikunipendeza hata mimi.

Jana Baba alifika kutoka Lokori pamoja na kaka yake, Baba Mkubwa. Baada ya salamu za ejok na chai nikawafungulia kompyuta, niwaulize kama huo ni uchawi. Swali langu halikujibiwa. Nyota hawakuzitazama, chombo hawakukitazama. Waliinamia zile nyaya.

Baba akasema wahame. Baba Mkubwa akasema wasithubutu, akaweka kidole kwenye kioo: "Ona hapa. Kuna mtoto atabaki njiani."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nacheka, naona wazee wamenogewa na mchezo.

Kisha Baba Mkubwa akasema, "Hata ile siku nilikuambia."

Baba akaacha kutazama kioo.

Ile siku naijua. Ulikuwa ukame, nikiwa mdogo. Baba Mkubwa alisoma tubaki, Baba akasoma twende, tukashika njia ya Kainuk. Mdogo wangu Ekai hakufika. Kwetu jina lake halitajwi.

Niliona aibu kwa kile kicheko changu. Pia niliona kasoro ya hadithi yangu: utumbo haukuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba njia ni salama. Ulimwachia mzigo wa kuamua.

Nikafuta maandishi yale. Sasa ndani ya chombo kuna wazee wawili, kila mmoja na neno lake. Mchezaji anachagua, na mchezo haumwambii kamwe kama alichagua vyema. Nikamweleza Bahati kwa sauti, yote, mpaka Ekai.

Leo mchana amejibu kwa sauti. "Mama amesikia. Anasema tuendelee. Lakini anauliza: baba yako, kuna mtu alishamwambia hakukosa?"

Nilirudia kuisikiliza. Mama huyo alitoka Kongo na watoto wake, na sijawahi kumuuliza Bahati walianza safari wakiwa wangapi.

Hapana, Mama. Hakuna aliyemwambia.

Baba anarudi Lokori kesho. Kabla hajaondoka nitakaa naye, nitalitaja jina la Ekai, na nitamkumbusha kwamba mwaka ule hata waliobaki walizika watoto.