Dalali Aliyekunywa Chai Yetu

Mjukuu wangu Salma,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko Leeds. Hapa Stratford tu wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini hajaacha kushona. Umeniuliza kama kuilalamikia kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kwa kukudai kodi ambayo kisheria mwanafunzi halipi, ni kukosa subira.

Mwaka wetu wa kwanza hapa, mtu alibisha hodi. Nikamkaribisha ndani kama nilivyolelewa, bibi yako akamletea chai. Alipomaliza kikombe, akaanza kuandika vitu vyetu ili vije kuuzwa, cherehani ikiwa ya kwanza. Alikuwa dalali wa kaunsili, akidai kodi ya kaunsili ambayo mpangaji aliyetutangulia hakuilipa. Kumbe kwa sheria ya hapa, kule kumkaribisha ndiko kulikompa haki hiyo.

Alipoondoka nikasema, "Tusubiri, Mungu anaona."

"Mungu anaona, Maalim," akajibu bibi yako, "ila kaunsili haioni mpaka uiandikie. Au kalamu hiyo ni ya hotuba za Ijumaa tu?"

Nikatambua nilikuwa nimeiita hofu yangu subira. Nikaandika bila tusi, nikaambatanisha mkataba wetu wa nyumba. Kungoja jibu ndiko kulikohitaji subira. Hatimaye, asubuhi moja, ikaja barua yao wakikiri kosa na kuomba radhi.

Asubuhi ileile mlango ukagongwa. Nikasita, mkono kwenye kitasa. Bibi yako, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake, akaitikia, "Karibu!" Kumbe aliyebisha ni jirani, ameleta gauni la kupunguzwa.

Akulinde Yeye asiyemdhulumu mja.

Babu yako