Sahani ya Mwenyekiti

Mama Hadija,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hata usipoitikia, ile ndefu ya kutokea jikoni huku umeshika mwiko. Nimekaa kibarazani pa nyumba yetu ya yatima, wachuuzi wa Kariakoo wanafunga meza zao, na mimi nina jambo la kukuringishia.

Tangu tukuzike, kiti chako kwenye kamati ya nyumba nakikalia mimi. Ndiyo, mimi Tatu, niliyeletwa hapa nimefungwa kwenye kanga ya mtu nisiyemjua, leo mwalimu wa shule yetu ya uani na mjumbe. Ulipigania miaka mingi kwamba katika kamati lazima awepo aliyelelewa humu. Wakubwa walikuwa wakicheka. Hawacheki tena.

Mwenyekiti mpya ametoka ofisi za jiji. Si mtu mbaya, ila ana haraka. Mkutano wake wa kwanza alituitia ofisini kwake, akisema huku kwetu watoto wana kelele. Na ajenda yake kubwa ilinikata maini: wasichana wanaomaliza darasa la saba watoke, wapelekwe kwa ndugu zao huko walikotoka. Ndugu gani, Mama? Salma, yule wa Kilwa uliyemfundisha kusuka ukili wa mikeka, hana hata mtu wa kumwandikia barua.

Nilisimama kabla hajafungua mkutano. Nikasema maneno yako: kamati haijala, kamati haijakaa. Akanitazama kama nimepotea njia. Hapo Bwana Kantilal wa Upanga, ambaye babu yake alitoa kiwanja chetu na ambaye miaka yote ulimwekea mchicha wake pembeni kwa kuwa hali nyama, akadakia, "Ndugu Mwenyekiti, kwetu ndivyo tunavyofanya. Kwanza tunakula na watoto." Mwenyekiti akakuna kichwa, akaahirisha mpaka Jumamosi.

Wakaja. Tulipika ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, na maharage. Mchele siku hizi foleni yake unaijua. Kila mjumbe nikamkalisha mkekani katikati ya watoto, viatu nje, kama ulivyokuwa ukifanya. Mwenyekiti alihangaika kukunja miguu ndani ya suti yake mpaka wadogo wakaziba midomo kwa viganja. Pembeni yake nikamweka Salma. Ungekuwepo ungenikonyeza.

Walipokwisha kunawa nikaleta ile desturi yako iliyokuwa ikiwatoa jasho: kabla ya ajenda, kila mjumbe ataje jina la mtoto aliyekula naye, na aseme alichoambiwa. Bwana Kantilal alisema kaonyeshwa jino lililong'oka. Zamu ikamfikia Mwenyekiti. Akavua miwani, akaifuta.

"Nimekula na Salma," akasema. "Ameniuliza kama nyumbani kwangu kuna nafasi ya kulala."

Kisha yeye mwenyewe akasema ajenda ile iondolewe, na chumba cha nyuma tunachowekea magunia kiwe bweni la wasichana wakubwa. Mikono yote ikapanda, wa kwake ukitangulia. Nililia mbele ya kamati nzima na sikuona haya. Watu wanadhani nyumba kama hii inaongozwa kwa mihuri. Wewe uliiongoza kwa sufuria, na bado inaongozeka. Ninavyojivunia kuitwa mwanao, sijui niandikeje.

Lakini nimekukosa. Ukoko bado naukwangua mimi, kile kipande cha pembeni tulichokuwa tukigawana tumesimama, wengine wote wameshalala. Sasa nakula peke yangu, na hakina utamu ule.

Pumzika, Mama. Mungu akupe kivuli na maji baridi. Nakuahidi mkutano wa kamati hautatoka tena kwenye mkeka wetu nikiwa hai. Na siku nitakayochoka, kiti chako atakikalia mwingine aliyelelewa humu. Nadhani namjua. Jana nilikuwa napita dirisha la jikoni nikasikia mtu anawafokea wadogo kwamba wanawe mikono kwanza, na moyo ukanipasuka, nikakimbilia ndani nikidhani ni wewe. Alikuwa Salma, ameshika mwiko wako.

Mwanao,
Tatu