Wanasema Nimekuwa Ubao

Endasak, Hanang,
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Benedikta,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo yako ya juzi ilinifikia, ila mtandao ulikata kabla sijaitika, kwa hiyo naiitikia hapa: marahaba sana, mdogo wangu. Habari za Songea? Watoto wa darasani kwako wanaendeleaje? Na kifua chako je? Usinijibu "nzuri tu" kama ulivyozoea. Nataka kujua kama bado unasimama katikati ya ngazi za shule kutafuta pumzi huku unajifanya unasoma ujumbe kwenye simu.

Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini na maharage yametoa maua, basi palizi imetubana kila mtu. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Shemeji yako Onesphory ni mzima, analalamika kama kawaida yake. Clement ameanza shule ya awali na amerudi na matusi mawili mapya ambayo hajui maana yake.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu wewe unalia na mimi nafoka, halafu hatufiki popote. Barua hainikatizi. Jirani yetu Baltazar anapeleka mzigo Njombe kwa lori, ameahidi kuipakia kwenye basi la Songea pamoja na kiroba chako cha maharage. Isome ukiwa umekaa.

Nimesikia umewaambia wale wa hospitali ya Dar kwamba hutakwenda kupasuliwa mgongo. Nimesikia pia wamekupa mpaka mwisho wa mwezi ufikirie, baada ya hapo nafasi yako atapewa mwingine. Na sababu yenyewe nimeisikia, eti "mtazameni Philomena." Shangazi Lucia amekuambia kwamba tangu nilipopasuliwa nimekuwa ubao, siinami, silimi, na wakubwa nawasalimia nimesimama wima kama askari. Shangazi ni dada wa baba zetu, na ndiye aliyekulea wewe baada ya mama yako kufariki. Mimi simjibu. Ila wewe ni mdogo wangu, wewe nakujibu. Acha ubao wenyewe useme.

Kwanza sijui kama unakumbuka vizuri nilivyokuwa, maana miaka ile ulikuwa bweni. Bega la kulia lilikuwa juu, la kushoto chini, na mfupa wa bega umetokeza nyuma hata mgeni akidhani nimebeba kitu ndani ya kitenge. Judith, fundi cherehani wa Katesh, alikuwa ananikatia gauni upande mmoja mrefu kuliko mwingine ili pindo likae sawa nikivaa. Mbavu zilikuwa zinasugua nyonga. Nikipanda kutoka kisimani napumzika mara kadhaa, na kila mwaka kilima kilikuwa kinaongezeka, ingawa kilima ni kile kile. Ndivyo ilivyo kwako na zile ngazi, Benedikta. Hazijaongezwa.

Mama yangu alikuwa anaamini ni ndoo za maji alizonibebesha utotoni. Hakuwahi kusema, lakini alikuwa ananipokonya kila mzigo, hata kikapu cha mboga. Daktari ndiye aliyemwambia kwamba mgongo wa namna hii hupinda wenyewe mtoto anapokua, haukutokana na ndoo, na kwamba katika ukoo mmoja unaweza kujitokeza zaidi ya mara moja. Mama alikwenda kukaa kwenye benchi la nje akalia mpaka watu wakadhani amefiwa. Kwa ajili ya kilio kile peke yake ile safari ya Dar es Salaam ilitosha.

Sasa nikwambie ukweli wa upasuaji, maana naona wenzako wanakuambia nusu nusu. Daktari hakunificha. Alisema miguu inaweza kupooza, ni mara chache, lakini inaweza. Alisema vyuma na skrubu vitakaa humo mpaka nizikwe navyo. Alisema mgongo hautanyooka kama rula, ila utaacha kupinda, na mapafu yatapata nafasi. Niliogopa sana. Nilisaini, na usiku ule niliwachukia watu wote waliolala usingizi.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichosikia ni mtu akiniambia nisogeze vidole vya miguu. Nikavisogeza. Sijawahi kuvipenda vidole vyangu kama siku ile, na unavijua vilivyo vibaya. Baada ya hapo maumivu yalikuja, na siwezi kuyapamba. Manesi walikuwa wananigeuza mzima mzima, watu wawili, na mimi nawasema vibaya kimoyomoyo. Kuna asubuhi nilimwambia mama kwamba ningejua nisingekuja. Alinijibu kwamba nimeshakuja, ninywe uji.

Nyumbani tabu kubwa haikuwa jembe wala kuni, ilikuwa choo. Choo chetu ni cha shimo, na mimi kuchuchumaa siwezi. Hili hakuna daktari aliyeliwaza. Onesphory na mdogo wake Yohanes walichukua kiti kizuri cha sebuleni, wakakitoboa katikati kwa msumeno, wakakiweka juu ya shimo. Wageni walikuwa wanatoka humo wakicheka. Leo kila bibi wa jirani mwenye magoti mabovu anatafuta sababu ya kupita kwangu, na tumeshabadilisha kiti mara mbili.

Kuhusu heshima kwa wakubwa, hili neno liliniuma, basi nitalieleza lote. Kabla ya upasuaji nilikuwa mwanamke mwenye adabu kuliko wote Endasak, kwa kuwa mgongo ulikuwa unainama wenyewe. Wazee walikuwa wananisifu. Nikarudi nimenyooka, nimeongezeka urefu, na daktari amenikataza kabisa kuinama mwaka mzima. Kwenye harusi ya Yohanes nikakutana na Mzee Gidabuday, baba mkubwa wa Onesphory, yule mwenye ng'ombe wengi kule chini tambarare. Akanyoosha mkono ili niinamishe kichwa aniguse utosini, nikasema shikamoo nimesimama. Akaurudisha mkono wake. Akasema mbele za watu kwamba Dar imeninyoosha mpaka shingo.

Nililia nyuma ya jiko siku ile, sikuonja hata wali. Mzee akakataa kukanyaga kwetu. Onesphory akawa katikati, huku baba yake mkubwa, huku mke wake, na hakuna aliyemwelewa.

Mwisho nikachoka kuonewa kwa kosa nisilolifanya. Nikapanda bodaboda polepole, nikateremka mpaka bomani kwake. Mimi ni mke wa mwanawe, siwezi kumvulia mgongo baba mkwe, basi nikapita ndani kwa mke wake, mama mkubwa Eva, nikafungua khanga. Akapitisha kidole kwenye kovu kuanzia chini ya shingo mpaka kiunoni. Halafu akauliza kama vyuma vimo humo hata sasa hivi nikiwa nimekaa naye. Nikasema vimo. Akatoka nje, nikamsikia anaongea na mzee kwa lugha yao, muda mrefu, sauti ya chini.

Nilipotoka, nilimkuta mzee amesimama, na yule ni mtu ambaye hamsimamii mtu. Akaniambia, "Mwanangu, usiniinamie tena. Mkono nitaunyanyua mimi." Na anaunyanyua mpaka leo. Siku ya mnada Katesh ananiona kwa mbali, mkono tayari uko hewani, na kijana yeyote anayenung'unika kwamba mke wa Onesphory ana maringo anakiona cha moto. Kwa hiyo habari ya mimi kudharau wakubwa, kamuulize Mzee Gidabuday.

Kulima nalima. Onesphory alinikatia mpini mrefu, napalilia nimesimama, na jana nilimaliza tuta langu kabla yake, muulize. Jiko nimejengewa la matofali la kunifika kiunoni. Kukamua ng'ombe ndiyo kazi niliyoacha, na hicho ndicho anacholalamikia kila asubuhi. Najua pia unachokiogopa zaidi, ingawa umekizungukazunguka tu kwenye simu. Nilimpata Clement baada ya vyuma, si kabla. Nilijifungua salama na nilimbeba mgongoni kama mwanamke yeyote. Kitu kimoja tu, siwezi kumwokota kutoka chini. Alipoanza kutembea alijifunza kupanda kwenye kigoda kwanza, halafu ananyoosha mikono. Alidhani watoto wote duniani hupanda kigoda.

Yasiyokwisha nayo nakutajia. Baridi ya mwezi wa saba mgongo unauma, na nikikaa kwenye basi safari ndefu nashuka nimekakamaa. Kiatu chenye kamba ni vita. Bega la kulia bado liko juu kidogo, kioo kinaniambia kila siku. Na kuna usiku nakumbuka yule mwanamke aliyekuwa anaweza kujikunja kama kamba, namkumbuka tu. Halafu asubuhi napanda kutoka kisimani bila kusimama, naimba.

Uliniuliza kama ningerudia. Ningerudia. Ningeenda mapema zaidi, kabla mbavu hazijafika pale zilipofika. Lakini sikuambii uende kwa kuwa mimi nilipona, maana mgongo wako ni wako na daktari wako atakueleza hatari zako. Ukisema hapana kwa kuwa umemsikiliza daktari ukapima, nitanyamaza. Ninachokataa ni wewe kusema hapana kwa kuniogopa mimi.

Sasa habari za shangazi. Wiki iliyopita nilikwenda kwake Masakta. Nilikwenda nimefura, nimepanga maneno njiani kote. Nikamkuta mlangoni amekaa juu ya gunia, amejishika magoti, anavuta hewa kama mtu aliyekimbia, na alikuwa ametoka bandani tu kulisha kuku. Benedikta, una miaka mingapi hujarudi? Shangazi ana mgongo wetu huo huo. Sisi tulizoea kusema ni uzee. Kanisani haendi tena. Kitandani halali, anaegemea mito usiku kucha, akijilaza pumzi inakata. Wakati wake hakuna aliyempeleka popote wala aliyejua kwamba kuna pa kumpeleka. Sasa madaktari wa Katesh wamesema kifua chake hakiwezi kuhimili kulazwa usingizi wa upasuaji.

Maneno yangu yote yakaniishia. Nikamuuliza polepole tu kwa nini anakukataza wewe. Akasema amemzika mdogo wake, baba yako, na amemzika mama yako, na hana mtoto mwingine, na ukifia mezani kule mjini yeye atabaki na nani. Mdogo wangu, yule mama hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa anatafuta chochote cha kukushikilia nacho, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Tulilia wote wawili pale mlangoni mpaka kuku wakaja kutushangaa.

Basi, mimi nimeshapanga. Palizi nimemwachia Onesphory, na Clement atakaa kwa mama. Ukiwapigia hospitali ukasema ndiyo, nitakuwa Dar kabla hujafika, na kiti cha pembeni ya kitanda ni changu, asikikalie mtu. Nitakugeuza mimi, na uniseme vibaya kimoyomoyo upendavyo. Ukisema hapana, nitakuja Songea vile vile, uniambie usoni.

Mama anakusalimu sana, anasema umekonda kwenye picha. Onesphory anakusalimu. Yohanes na mkewe wanakusalimu, wanatarajia mtoto mwezi wa tano. Mama mkubwa Eva ameagiza nikuambie anakuombea. Mzee Gidabuday yeye haombi kwa namna yetu, ila aliinua mkono kuelekea upande niliomwambia ndiko iliko Songea, basi pokea. Mungu akutulize moyo, akulinde unapoingia na unapotoka.

Salamu za shangazi nimeziweka mwisho kwa makusudi. Nilipokuwa naaga aliniita nirudi. Akasema nikuandikie hivi hivi bila kuongeza: "Mwambie aende. Na asinipigie kuniaga. Anipigie akiamka."

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Philomena