Kapu Nililobeba Mpaka Mlangoni Kwangu

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Eufrasia, na shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana tangu Jumamosi ile hii ni wiki ya tatu na mwili bado unanisisimka nikikumbuka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Bombambili, mume wangu Remmy ni dereva wa bodaboda lakini alivunjika mguu mara tu baada ya Krismasi na mpaka sasa anatembelea magongo, pikipiki yenyewe ilikuwa ya mtu na mwenyewe ameshaichukua, kwa hiyo tunaishi kwa vibarua vyangu vya kupalilia mashamba ya watu, na wewe unajua mwezi wa tatu kwetu huku ulivyo, mahindi ya zamani yameisha na mapya bado mabichi shambani. Sijamwambia mtu. Nilijisemea Mungu anaona, atatupa, na kazi yake sitaiacha, na kweli sikuiacha, kila asubuhi nilikoroga uji nikampelekea Bibi Kunegunda, jirani yetu mjane asiye na mtoto hata mmoja hapa mjini, hata siku ambazo sisi tulilala na chai ya rangi.

Sasa kwenye jumuiya yetu tuna utaratibu wetu wa Kwaresima, kila familia inatia kitu kwenye kapu la huruma, halafu Jumamosi asubuhi baada ya sala tunalipeleka kwa mhitaji mmoja huku tunaimba, na nyumba tunayokwenda anaijua mwenyekiti peke yake, Mzee Thadei, ili maneno yasitangulie. Mbebaji wa kapu ni mimi, mwaka wa nne huu. Basi Jumamosi hiyo nikatia maharage yangu ya mwisho, kapu likajaa unga, sukari, mafuta na sabuni, nikajitwika, nikaimba kwa sauti kuliko wote, tukapita dukani, tukakata kona ya kwangu, nikadhani tunapita tu kumsalimia Remmy na mguu wake, mara Mzee Thadei akasimama mlangoni kwangu, akapiga hodi, akanigeukia akasema, "Mama Recho, tua kapu. Tumefika."

Mama, nilidhani utani! Nikatazama nyuma, watu kumi na wanne wananiangalia kwa huruma, ile huruma ninayoijua mimi mwenyewe. Bibi Kunegunda akasogea na mkongojo wake akasema, "Mwanangu, jina lako nimelitoa mimi. Nilimuuliza Recho usiku mmekula nini, akaniambia." Nikahisi nimevuliwa nguo barabarani. Nikamsukumia Mzee Thadei kapu mikononi, nikawaambia mmekosea nyumba, nikaingia ndani nikafunga mlango. Remmy alikuwa amekaa na watoto dirishani. Hakunigombeza, alisema tu, "Getruda, watoto wameiona sukari."

Tangu hapo sijakanyaga jumuiya, na kwa Bibi sijapeleka uji, hasira zimenikaba, nimemlisha siku zote zile naye ananitangaza. Mzee Thadei ametuma ujumbe mara mbili kwamba kapu bado liko kwake, linanisubiri. Mimi nataka nihamie jumuiya ya dada yangu kule Matogoro ambako hawanijui, Remmy hataki. Nihame au nifanyeje? Na Mungu niliyemwamini mbona amenijibu kwa kunidhalilisha?

Getruda, Bombambili, Songea

* * *

Milele amina, Getruda mwanangu, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama, maana kukaa kulinishinda.

Ngoja nielewe vizuri. Tangu Krismasi unamwomba Mungu chakula. Mungu akaja, asubuhi kweupe, na watu kumi na wanne wanaimba, na unga, na sukari, na mafuta. Wewe ukamwambia amekosea nyumba! Haki ya Mungu, miaka yote ninayojibu barua hizi sijakutana na kitu kama hiki. Ulitaka alete vipi, apitishe gunia darini wakati majirani wamelala?

Pole kwanza. Aibu ya mbele ya watu inaunguza, sikulaumu kwa kuisikia. Na Mzee Thadei, kama ananisoma, naye ana lake. Kumbebesha mtu kapu lake mwenyewe mpaka mlangoni kwake bila hata kumnong'oneza ni kumwadhiri. Angekuvuta pembeni tangu Ijumaa. Mwambie hivyo usoni, kwa adabu, na alisikie.

Sasa nikuulize na wewe. Miaka minne unabeba kapu kwenye milango ya watu. Kama kupokea ni kuvuliwa nguo barabarani, wale wote ulikuwa unawafanya nini? Ulikuwa tayari Mungu akutumie kwa kila mtu, ila asimtumie mtu yeyote kwako. Hapo ulikuwa unategemea jina lako zuri, mwanangu, halafu unaliita hilo imani.

Eti Bibi amekutangaza! Mama wa watu hana unga, hana sukari, hana mtoto karibu. Kitu pekee alichoweza kukupa ni kulitaja jina lako mahali penye chakula, naye akakupa. Wewe umemlipa kwa kumnyima uji wiki tatu. Hapo ndipo niliposimama. Barua nzima unaniuliza habari za kuhama, hujaandika hata mstari mmoja kwamba Bibi Kunegunda sasa anakula nini. Unajua? Umeuliza hata kama ni mzima?

Matogoro usiende. Watoto wako watafika huko na njaa ileile. Leo, kabla hujalikunja gazeti hili, koroga uji kwa unga wowote ulio nao, ukiwa mwepesi kama maji sawa tu, umpelekee. Usimdanganye kwamba ulikuwa unaumwa. Sema, "Bibi, nilikukasirikia, nisamehe." Ukitoka hapo pitia kwa Mzee Thadei, chukua kapu, lijitwike mchana kwa njia ileile mliyopita, na ukifika mkabidhi Remmy, yeye ndiye awagawie watoto, maana ni siku nyingi baba huyo hajawapa kitu kwa mkono wake. Jumamosi nenda kwenye sala, ukae mahali pako pa siku zote. Kama watakurudishia kazi ya kubeba kapu, ipokee.

Ila kwa Bibi usiache uji mlangoni ukakimbia. Ingia, kaa naye. Na akimimina kikombe cha kwanza akakusogezea wewe, maana mwanamke wa namna ile atafanya hivyo, usimwambie umeshiba. Kunywa.

Mama Eufrasia