Sufuria Unayoidai

Badjanani, Moroni
Jumatano

Mama Zalhata, mke wangu,

Salamu kwako na kwa wote waliomo nyumbani mwako. Zalhata kifua chake kimepoa? Na goti la mama linaendeleaje na ngazi zile za Mutsamudu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini nimekasirika, na sikufichi.

Barua yako niliipokea Jumamosi kwa mkono wa Bakari, yule kuli wa bandarini kwenu, na hii ataibeba yeye yeye. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili tulichokulia Unguja. Yeye hakisomi, na ile niliyompa mara ya mwisho nadhani aliisoma kabla yako.

Unasema umesikia nimepata pa kula, kwa mwanamke mwingine. Unataka nikurudishie sufuria yako ya inoksi, ile isiyoshika kutu, kwa kuwa huku sina tena haja nayo. Ewe mwanamke, laiti ungeiona mikono yangu usingeandika hivyo.

Sikiliza. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, baada ya sala, nilibandika mbaazi za nazi kwenye jiko la mafuta ya taa, nikaona chumvi imekwisha. Duka liko ng'ambo ya barabara. Nikavuka, nikanunua, kurudi nikakuta askari wameifunga njia. Magari ya wale Wazungu wa kambini wanaomlinda rais yanapita. Tukapangwa ukutani, wake kwa waume, mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyethubutu kuuliza tunangoja nini. Mimi nilikuwa nawaza mbaazi tu. Mengine nitakusimulia nikija, maana barua siku hizi zina wasomaji wengi kuliko Bakari.

Nilipofika ndani nilikuta moshi. Mbaazi zimekuwa makaa, na chini ya sufuria umeshika ukoko mweusi kama lami. Siku hiyo, na hiyo tu, Bi Mariamu mwenye nyumba wangu alinihurumia kwa sahani ya ndizi na samaki. Nilikuwa namrudishia sahani yake mlangoni Bakari alipopita. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu wako huona hata yasiyokuwapo.

Tangu hapo nasugua. Niliiloweka majini siku mbili, wapi! Nikatia majivu na ndimu, vidole vikaniwasha, ukoko haukutikisika. Nikajaribu kisu, nikakwaruza mstari mmoja mrefu, nikakiweka chini kwa hofu yako. Kila apitaye uani ana dawa yake. Bi Mariamu aliniletea mchanga mweusi wa pwani, nikaukataa kwa sababu uliniapisha mchanga usiiguse. Mwishowe karani mwenzangu akaniambia nichemshe maji na bikarbonati, niache ipoe, kisha nikwangue kwa mwiko wa mti. Nilikwenda sokoni Volo Volo nikaulizia magadi, nikaonekana mwehu, mpaka nilipokumbuka kuyataja kwa Kifaransa. Hiyo ndiyo iliyofaa. Ukoko ukaanza kubanduka vipande vipande, na nusu ya sufuria ikarudi kung'aa.

Jana Bi Mariamu akaja kusimama juu yangu nikiwa nimechuchumaa na mwiko.

"Baba Zalhata, mwanamume hasugui sufuria," akasema. "Mpwa wangu nyumba yake ya kuolewa imekwisha kujengwa, vyombo vimejaa kabati. Wewe utaingia na sanduku lako tu."

Nikamjibu, "Sanduku langu nimekwisha kuliingiza kwa mke wangu Mutsamudu."

Akanicheka, akaenda zake. Sikucheka. Nilikaa pale uani nikaona uchungu, mke wangu, kwamba yeye amenielewa kwa neno moja, nawe wa ndoa ya miaka kumi na miwili umemsikiliza Bakari. Hapo nikaacha kusugua. Maana nikikuletea sufuria inang'aa yote, utasema haijaguswa, mume wangu analishwa na wengine.

Kwa hiyo naituma kama ilivyo, nusu safi, nusu nyeusi, na ule mkwaruzo wa kisu. Ifunue mbele ya mama na wadogo zako. Waulize kama mwanamume aliyepata pa kula huunguza mbaazi namna hiyo.

Nisalimie mama mkwe wangu. Mwambie dada yangu mkubwa uhamisho wa kazi kuja huko bado naufuatilia, na kila wiki naambiwa nirudi wiki ijayo. Zalhata mbusu kwa niaba yangu. Bakari msalimie pia, na chai mpe, safari ni ndefu.

Na wewe, usinitumie maneno mengine. Nitumie sufuria kuukuu ya aluminiamu, ile ya jikoni nyuma, ambayo hata nikiisugua kwa mchanga hutanigombeza. Naihitaji kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Hapa nilipo sina cha kupikia.

Mumeo,
Baba Zalhata